Keria ya Bluu na Kengele ya Ikongwe

Keria ni miguu, mabomba ni pambo.

Ndivyo alivyosema Bibi Nakijwa jana, mlipokuwa mkibishana kuhusu sare za kwaya. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nikawasikia. Mwenyekiti wenu alitaka mshone sare mpya zenye mabega ya dhahabu, na nusu yenu hata ubeti wa pili hamjaujua. Bibi Nakijwa akasema maneno yake sita, mkacheka, na mmoja wenu akauliza, "Keria tena, bibi? Sisi tunazungumza habari za vitenge." Naye akawajibu, "Nendeni kwa Mzee Mbonea. Keria ni yake. Mimi nilisema tu nilichokiona."

Basi mmekuja kwangu, kaeni. Sogezeni hilo gunia la mkaa, Elitwaza apate pa kukaa. Nitawaeleza methali hii ilikozaliwa, maana ilizaliwa katika karakana hii hii, na mkunga wake alikuwa mama yangu.

Sisi ni Washana, na Upare nzima inajua kwamba Mshana ni mtu wa chuma. Babu yangu alifua majembe. Baba yangu alifua mapanga na kengele za mbuzi, na mbuzi aliyevaa kengele ya baba alijulikana kwa mlio kabla hajaonekana. Mimi nilitolewa shule nikiwa darasa la pili ili nivukute mivukuto. Sikulalamika. Nilikua nikipenda moto, na umeme ulipofika hapa Same, nilikuwa miongoni mwa mafundi wa kwanza kushika mashine ya kuchomelea. Mageti mengi ya mji huu ni ya mkono wangu.

Lakini kusoma sikujua. Barua ikija, nilisema macho yananiuma, nikampa mtu mwingine anisomee. Nilipofikisha miaka arobaini na minne, mchungaji alianzisha darasa la watu wazima kwenye ukumbi wa kanisa, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Nilikwenda kwa aibu, nikakaa nyuma kabisa. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa Nakijwa, mama aliyenunua tangawizi kutoka milimani na kuipima katika ghala lake hapo ng'ambo ya barabara. Yeye alizijua tarakimu kabla ya herufi, kwa sababu mizani ilikwisha kumfundisha. Kila asubuhi nilipiga magoti nikamwomba Mungu anijalie kusoma Zaburi moja tu kwa macho yangu kabla sijafa.

Sasa, huko juu Ikongwe, mahali alipozaliwa mama yangu, palikuwa na kanisa lisilo na kengele. Miaka ishirini na miwili waumini waliitwa kwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi. Mzee wa kanisa aliigonga kwa nondo. Mama alikuwa akisema, "Nataka Ikongwe iite watu kwa sauti ya kengele. Hiyo ya sasa ni sauti ya ajali." Alikuwa na miaka themanini na moja wakati huo, na aliniambia wazi kwamba hilo ndilo alilobakiza kuomba.

Kengele ikaja. Ilifika Same kwa treni, ndani ya kasha la mbao lililojazwa nyasi kavu, na Nakijwa akaipima kwenye mizani yake: kilo mia moja na themanini. Lori halikuweza kupanda Ikongwe, kwa sababu daraja la magogo lisingelistahimili. Gari lililoweza kufika lilikuwa moja, jipu la usharika. Tukajaribu kuiingiza kengele ndani ya jipu kwa mlango wa nyuma, mlango ukaikataa. Mdomo wa kengele ulikuwa mpana kuliko mlango kwa kiganja kizima. Ikabidi ikae juu ya paa.

Mchungaji akaniita siku ya Jumatatu. "Fundi Mbonea," akasema, "gari lina keria yake ya kiwandani, lakini ni ya kuwekea masanduku ya wageni. Iimarishe ibebe kengele. Jumamosi ipande, Jumapili Askofu anakuja Ikongwe kuiweka wakfu."

Nikamwambia, "Mchungaji, lala usingizi."

Ile keria niliitazama nikaidharau. Ilikuwa ya mabomba membamba kama mianzi michanga, imesimama kwa miguu minne mifupi iliyouma ukingo wa paa, ule mfereji mdogo unaopitisha maji ya mvua. Kila mguu ulishikwa kwa bolti ndogo kama kidole changu cha mwisho. Nikasema moyoni, sasa watu wataona kazi ya Mshana.

Nikachukua mabomba ya inchi moja na nusu. Nikaizungushia keria fremu ya pili juu ya ile ya kwanza. Sakafuni nikapanga vyuma bapa, kimoja karibu na kingine, hata panya asingepita katikati. Kwenye pembe nikaweka vishikio vya msalaba. Mbele kabisa, juu ya kioo, nikakunja taji: upinde wa bomba wenye miale saba kama jua linalochomoza. Kila ungio nililisaga kwa grenda mpaka likawa laini kama goti la mtoto. Alhamisi nikapaka rangi ya bluu, bluu ya anga la saa nne asubuhi.

Niliipaka keria yote, na miguu pia. Na hapa nawaomba msikilize, kwa sababu kosa lenyewe liko hapa. Kwenye mguu wa mbele wa kushoto kiwanda kilikuwa kimegongomea kibati kidogo chenye upana wa vidole viwili. Kilikuwa na maandishi. Nilikiona, sitasema sikukiona. Darasani tulikuwa tumekwisha kumaliza irabu na silabi nyingi, ningeweza kukaa nikajaribu. Lakini nilikuwa na haraka, na herufi bado zilinitia woga. Nikapitisha brashi juu yake, kikawa bluu kama vyote.

Ijumaa asubuhi watu walijaa hapa kutoka stendi. Keria iling'aa. Dereva wa jipu, Kadeghe, mtu mrefu mwenye mdomo usiofungwa, alilizunguka gari mara tatu.

"Fundi," akasema, "hii si keria. Hii ni ghorofa! Nipangishie chumba kimoja."

"Upande wa jua au wa kivuli?" nikamjibu, na watu wakacheka. Kusema kweli nilikuwa nimevimba. Nilijisikia kama babu yangu na baba yangu wote wamesimama nyuma yangu.

Nyumbani kwetu kulikuwa na desturi moja. Chuma hakikutoka kwenye kiwanda cha baba kabla mwanamke mkubwa wa nyumba hajakigonga. Jembe liliwekwa chini, bibi akachukua nyundo ndogo, akaligonga na kusikiliza. Likilia vizuri, lilikwenda kwa mwenyewe. Likilia vibaya, lilirudi motoni, hata kama mwenyewe amesimama mlangoni akingoja. Mama aliendelea na desturi hiyo kwangu. Mageti, vitanda, matoroli, vyote aliviwekea sikio.

Basi asubuhi hiyo alikuja na nyundo yake. Alikuja pia na kitabu chake cha nyimbo, akakiweka kwenye kiti cha mbele cha kushoto, kuonyesha kwamba hapo pana mwenyewe. Jipu lilipangiwa kupanda kesho yake na watu wanane, naye alikuwa wa kwanza.

Kwa kawaida vitu viliwekwa chini mbele yake. Lakini keria ilikuwa imekwisha kufungwa juu ya gari, na mama alikuwa mfupi. Nikamletea kigoda. Akapanda, akanyoosha mkono, na bado mabomba yangu mazuri hakuyafikia. Alichofikia ni mguu wa mbele wa kushoto. Akaugonga.

Ukalia *kap*, kama chungu chenye ufa.

Akagonga tena. *Kap*.

"Mbonea," akaita bila kugeuka.

"Naam, mama."

"Hapa panaumwa."

Nikatabasamu, nikamsogelea nikasema kwa sauti ya chini, "Mama, hiyo miguu ni ya kiwandani. Mimi kazi yangu iko juu. Kadeghe atakuinua uigonge."

"Juu nimekuona ulivyofanya. Nauliza hapa."

"Kiwanda hakikosei, mama. Wale ni wataalamu."

"Sijasema wamekosea," akasema mama. "Nauliza, walipoitengeneza waliijua kengele yetu?"

Mama akaugonga mguu mara ya tatu, kwa nguvu zaidi, na rangi yangu ya bluu ikabanduka kipande. Nakijwa alikuwa karibu, amekuja na magunia ya maranda ya kulalia kengele. Akainama akakitazama kibati kilichochungulia.

"Kaka Mbonea, hapa pana tarakimu."

"Ni chapa tu ya kiwanda."

"Chapa gani? Njoo usome, wewe si mwanafunzi?" Akafuta kwa ncha ya kanga yake. "Saba. Tano. Halafu herufi mbili zilizo kwenye mizani yangu. Sabini na tano, kilo."

Kadeghe akacheka. "Mama, hiyo ilikuwa keria ya zamani. Hii ya sasa imekula chakula cha Washana. Itabeba hata wewe na ghala lako."

"Imekula, ndiyo," akasema Nakijwa. "Hebu tuipime tuone imekula kiasi gani."

Nilikubali kwa hasira, ili nimnyamazishe. Tukafungua zile bolti nne, watu sita wakaibeba keria mpaka ng'ambo, wakaiweka kwenye mizani ya tangawizi. Nakijwa akasogeza kile chuma cha mizani polepole, kama mtu anayefurahia jambo. Kilikaa kwenye sitini na tatu.

Akashika kiuno. "Kilo sitini na tatu! Jamani, huyu ni mimi baada ya kula Krismasi. Kumbe fundi amenipandisha juu ya paa na kengele bado haijafika."

Watu waliangua kicheko. Mimi masikio yaliwaka. Nilikuwa na hesabu kidogo sana kichwani, lakini hiyo niliiweza: katika sabini na tano, keria yenyewe na urembo wangu vilikuwa vimekwisha kula sitini na tatu. Na bado nikakataa. Kiburi cha fundi kina mizizi mirefu, wajukuu zangu. Nikasema, "Maandishi ni maandishi, chuma ni chuma. Ifungeni tena. Tuijaribu na mzigo, mbele ya wote."

Tukaifunga. Tukapandisha magunia matatu ya tangawizi ya Nakijwa, kilo sitini kila moja, sawasawa na kengele. Keria ikatulia. Haikulia hata kidogo, na mimi nikakunja mikono kifuani. Hapo langoni kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua, ule ule mnaouruka mkija hapa, na kila gari liliuvuka kwa kujikwaa. Nikamwambia Kadeghe, "Vuka."

Kadeghe akaingia peke yake, akaenda taratibu. Magurudumu ya mbele yakazama mtaroni.

Tulisikia mlio mmoja, mkavu, kama mfupa wa kuku. Mguu wa mbele wa kushoto ukaruka nje ya mfereji wa paa. Keria yote ikainama kwa pamoja, nzima, bila bomba hata moja kupinda, kwa sababu mabomba yalikuwa imara kweli. Magunia mawili yakabingirika juu ya boneti na tangawizi ikamwagika barabarani. Lile taji likashuka likabonyeza ukingo wa paa upande wa kushoto, na kioo kikapata ufa kutoka juu hadi chini.

Kadeghe alitoka. Akafungua mlango wa kushoto, akatoa kitabu cha nyimbo cha mama, akakung'uta vumbi na vipande vya rangi ya bluu vilivyokiangukia, akampa mwenyewe kwa mikono miwili.

Mama alikipokea. Hakunitazama, na nilijua kwamba alifanya hivyo kwa huruma.

Nikaenda nyuma, kule kwenye mitungi ya gesi, nikapiga magoti. Siku zote nilikuwa nikiomba, "Bwana, ibariki kazi ya mikono yangu." Asubuhi ile sala haikutoka hivyo. Nilisema, "Bwana, asante kwa kunionyesha kazi ya mikono yangu kabla mama yangu hajakaa chini yake."

Niliporudi, mchungaji alikuwa amefika. Ameinama anaokota tangawizi pamoja na watu. Akaniuliza polepole, "Fundi, nimpigie simu Askofu tuahirishe? Nitamwambia gari limeharibika. Si lazima jina lako litajwe."

Lile neno la mwisho lilinichoma. Nikasimama katikati ya watu wote nikasema, "Litaje. Sema Mbonea Mshana amefunga keria vibaya. Nimeimarisha pasipobeba, nikaacha panapobeba. Lakini usiahirishe. Nipe mpaka kesho saa nne asubuhi."

"Utaanza upya?"

"Nitaanza chini."

Tukaishusha keria. Nikatafuta msumeno wa chuma. Nilihitaji vyuma vya miguu, na vyuma vyema kuliko vyote nilivyokuwa navyo vilikuwa vimekwisha kuchomelewa juu, katika ile fremu ya pili niliyojivunia. Nikaanza kuikata. Nakijwa alinishikia bomba, kwa sababu wengine waliona vibaya kunitazama. Bomba baada ya bomba likaanguka. Nilipofika kwenye taji, msumeno ukasita. Nilikuwa nimelikunja kwa siku nzima. Miale saba, na kila mwale sawa na mwenzake.

"Mbona umesimama?" akauliza Nakijwa.

"Hili si zito sana."

"Ndilo lililobonyeza paa."

"Najua. Lakini tazama lilivyo."

Akalitazama kwa haki, hakunidhihaki. Kisha akasema, "Ni zuri, kaka Mbonea. Sijaona zuri kama hili. Likate. Keria ni miguu, mabomba ni pambo."

Nikalikata.

Sasa niwaeleze nilivyofanya, maana hapo ndipo ninapojisifu mpaka leo, na Mungu anisamehe. Badala ya miguu minne niliweka minane. Kila mguu niliutengenezea wayo mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, ukae kwenye mfereji wa paa kwa urefu wake wote, usiume mahali pamoja kama kupe. Chini ya wayo nikalaza mpira wa tairi kuukuu ili chuma kisisage chuma. Palipobonyea nilipagonga mpaka pakanyooka. Zile bolti za kidole cha mwisho nikazitupa, nikaweka za kidole gumba. Halafu nikashusha vyuma vinne vya kuegemea: viwili mbele vikashuka mpaka kwenye bampa na kushikwa na chasisi yenyewe, viwili nyuma vivyo hivyo. Yaani uzito usikae juu ya paa ukisubiri mtaro, bali ushuke, ushuke, mpaka kwenye mifupa ya gari. Sakafuni nikaacha vyuma vitano tu, na kila kimoja nikakilaza juu ya miguu. Hakuna chuma kilichokaa mahali kwa ajili ya macho.

Nilifanya kazi mpaka jua likazama, nikaamka na jogoo nikamalizia. Rangi sikupaka. Tuliipeleka kwenye mizani: kilo arobaini na nne.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki. Nilichukua kipande cha bati, nikatoa daftari langu la darasani, nikakaa kwenye kigoda cha mama. Kwa patasi ndogo na nyundo nikachonga herufi moja moja, ulimi umetoka nje kama mtoto. Ilinichukua karibu saa nzima. Niliandika: MIGUU 8. KILO 200. MBONEA MSHANA. Hizo mia mbili ni za mzigo peke yake, uzito wa keria nimekwisha kuutoa. Kibati nikakigongomea kwenye mguu wa mbele wa kushoto. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kuandika kitu ili mtu mwingine akisome.

Saa tatu mama akaja na nyundo. Akapanda kigodani, akagonga mguu wa kwanza. *Tiing*. Wa pili. *Tiing*. Akalizunguka gari, mimi nikimhamishia kigoda, akaigonga yote minane, na vile vyuma vinne vya kuegemea, na hakuruka hata kimoja. Watu walisimama wakihesabu naye. Baada ya chuma cha mwisho akasema, "Mshana," basi. Katika maisha yake yote hakuwa ameniita hivyo. Jina hilo alikuwa akimwita baba.

Magunia ya tangawizi yakapandishwa tena. Kadeghe akavuka mtaro kwenda, akavuka kurudi, kisha akavuka mara ya tatu, akatoa kichwa dirishani. "Fundi, ghorofa umeibomoa, lakini nyumba imebaki!"

Tukaipandisha kengele. Tuliikalisha katikati kabisa, mdomo chini, juu ya duara la tairi na magunia ya maranda, tukafunga ulimi wake kwa matambara, kisha kamba pande nne. Nikawaambia abiria wote wapande gari jingine mpaka darajani, halafu wamalizie kwa miguu. "Kwenye jipu atakaa dereva," nikasema, "na kiti cha kushoto nitakaa mimi. Fundi akae chini ya kazi yake."

Mama alikuwa amekwisha kuingia. Amekaa kiti cha kushoto, kitabu cha nyimbo mapajani.

"Mama, shuka tafadhali."

"Kwa nini?"

"Nimesema nitakaa mimi."

"Kaa nyuma, nafasi ipo tele. Mimi nimeigonga kwa mkono wangu." Kisha akamgeukia Kadeghe. "Twende, baba. Na usiendeshe kama unavyoongea."

Tulipanda polepole sana. Wanawake wenye mizigo kichwani walitupita. Kwenye daraja la magogo Kadeghe alishuka kwanza akayakanyaga moja moja. Juu ya daraja pana kona ya jiwe, barabara imeliwa na maji upande wa bonde. Hapo gurudumu la nyuma likatumbukia, jipu likalala upande, na nikaiona miti ya bondeni kupitia dirisha kama inayonisogelea. Kengele juu yetu ikaguna mara moja ndani ya matambara yake. Nilifumba macho. Nilisikia vile vyuma vikipokea uzito, mguu kwa mguu, mlio mdogo mdogo, kama watu wanaopeana tofali. Mama alikuwa akiimba kwa sauti ya chini na hakuukatiza ubeti. Kadeghe akakanyaga mafuta, gari likanyanyuka, likasimama wima.

Nilishuka nikaipitia keria kwa mikono. Hakuna bolti iliyosogea hata unywele.

Ikongwe yote ilikuwa barabarani. Sitawaeleza nyimbo zao, mnazijua. Nitawaambia hili tu: jioni ile mzee wa kanisa aliishusha rimu kutoka kwenye mkaratusi kwa heshima, akaiegemeza ukutani kama mtumishi aliyestaafu. Na Jumapili Askofu alipomaliza sala, aliuliza ni nani mkubwa kuliko wote aliyezaliwa Ikongwe avute kamba ya kwanza. Wakamsukuma mama mbele. Akavuta. Alipoisikia, aliinamisha kichwa na kutega sikio, kama alivyofanya kwa majembe ya baba. Kisha akaniangalia akatikisa kichwa kwamba ndiyo, chuma hiki kinaweza kutoka.

Baada ya ibada nilimkuta dereva wa Askofu amesimama kando ya jipu letu, anasoma kile kibati kwa sauti. "Miguu minane. Kilo mia mbili. Mbonea Mshana." Akaniuliza, "Unamjua huyu?"

Nikamwambia, "Namjua. Ameanza kuandika jana."

Nakijwa alilichukua lile taji la bluu kutoka kwenye takataka zangu akalitundika juu ya mlango wa ghala lake. Ndilo lile mnaloliona mpaka leo, ingawa rangi imefifia. Kila aliyekuja kuuza tangawizi aliuliza ni la nini, naye akawajibu kwa yale maneno sita, akicheka. Wao wakayabeba pamoja na chumvi na sukari wakapanda nayo milimani. Mwaka haukuisha, nikayasikia Gonja kwenye harusi, yanasemwa na mtu asiyenijua kabisa, akimwonya bwana harusi aliyejenga baraza kabla ya msingi. Sikumwambia chochote. Nilikula wali wangu nikiwa nimejaa furaha.

Mama alilala miaka mitano baadaye, na kengele ile ilimlilia. Jipu lenyewe lilikufa zamani, na ufa wake kiooni. Keria tuliihamishia gari la pili la usharika, na sasa iko kwenye la tatu. Jana ndiyo iliyobeba spika zenu. Mkitoka hapa, piteni kanisani, mwende kwenye mguu wa mbele wa kushoto, mkapapase kile kibati. Halafu mrudi mkajifunze ubeti wa pili. Sare mtashona, na mkitaka taji nitawakunjia mimi mwenyewe, bado ninaweza. Lakini kwanza nataka nisikie ile sauti ya chini ya wanaume, inayobeba wimbo, ikisimama bila kuyumba.

Keria ni miguu, mabomba ni pambo.